Picha ya Kuosha na Picha ya Wino

Hamjambo, ndugu zangu. Kabla sijaendelea, naomba picha hizi mbili zipite mikononi mwenu. Ni shangazi yangu huyo huyo, mlango huo huo, negativu moja, yaani kipande kimoja cha filamu. Moja niliiosha kwenye chumba cha giza. Kwa ile nyingine, niliipitisha negativu kwenye skana, nikaichapa kwa printa ya wino. Msiniulize bado ipi ni ipi. Ziinamisheni kuelekea dirishani, mtazame weusi wa leso yake.

Karatasi ya chumba cha giza imepakwa jelatini yenye chembe za chumvi za fedha. Mwanga wa mashine ya kukuzia, inayomulika negativu kwenye karatasi, ukizigusa, dawa huzigeuza kuwa fedha yenyewe, nyeusi. Weusi huo umelala ndani ya jelatini, na chini yake, katika karatasi kama niliyotumia hapa, kuna tabaka jeupe lenye bariamu linalorudisha mwanga machoni. Printa nayo hurusha matone madogo mno ya wino. Wino wa pigmenti hubaki karibu na uso wa karatasi, na palipo peupe kabisa huenda pasiguswe na tone lolote, hivyo pakang'aa tofauti na penye wino.

Lakini tusiidharau printa. Yenye wino mweusi na kijivu cha aina kadhaa, kwenye karatasi nzuri, hutoa weusi unaoshindana na wa fedha, pengine kuushinda. Anayeniambia atazitofautisha akiwa mbali, nyuma ya kioo cha fremu, simwamini.

Mimi bado naosha, kwa sababu ya mkono. Chini ya mashine naukinga uso wa shangazi kwa kipande cha kadibodi sekunde chache usije ukawa mweusi mno, kisha naongezea mwanga pembe ya mlango. Kesho nikirudia, mkono hautapita vile vile. Nakala zangu ni ndugu, si pacha. Kwenye kompyuta uamuzi huo hufanywa mara moja, na nakala ya mia hufanana na ya kwanza. Kwa mwenye maonyesho makubwa, hiyo ni neema.

Kinachonitesa ni maji. Karatasi iliyofunikwa plastiki huoshwa dakika chache tu, lakini ile ya nyuzi tupu, isiyo na plastiki, hunywa dawa, na kuitoa kwaweza kuchukua saa nzima. Mtaani kwetu hapa Nairobi mfereji haufunguki kila siku. Mwaka wangu wa kwanza mitungi ilikauka, nikaharakisha, na picha ya harusi ya jirani ikaota madoa ya manjano. Iliniuma sana. Baadaye nilielewa kwamba dawa hutoka polepole yenyewe kuingia kwenye maji safi, haihitaji mkondo mkali. Loweka, tikisa, mwaga, weka mengine, rudia. Ndoo chache zatosha.

Haya, nani ameshika ile ambayo leso na ukuta mweupe vinang'aa sawasawa akiiinamisha? Inua mkono, dada. Hiyo niliiosha Jumamosi.