Kabla Hujanunua Stata: mazungumzo na mafundi wa Grogan kuhusu boti kuukuu zinazokataa kuwaka

Haya wakubwa, karibuni, wale wa nyuma sogeeni mbele kidogo maana siwezi kushindana na matatu za Kirinyaga Road. Najua kuna mtu hapa anajiuliza boti za nini Nairobi, kwani bahari imehamia Ngara? Lakini si mnajua hizo simu. Mtu ako na boti Naivasha, injini ya miaka ya themanini ama tisini huko, watalii wameshavaa jaketi za kuelea wanataka kwenda Crescent Island, anazungusha ufunguo inalia "tak" moja halafu kimya. Fundi wa boti hayuko karibu, anapigia fundi wa gari, yaani wewe. Na wewe bila kutoka kwa kiti unamwambia hiyo ni stata, ile mota ya kuzungusha injini ndio iwake, nitumie pesa nikuangalizie ingine.

Hapo ndio nataka tukosane kidogo. Kwa boti kuukuu stata mara nyingi haina makosa, inanyimwa umeme tu njiani, na sisi tunaingia gharama kwa sababu hatupimi, ama tunapima wakati hakuna kazi inafanyika.

Tuanze na betri, hapo mnajua kwa hivyo nitapita haraka. Betri nzima iliyopumzika inasoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu, ikisoma 12 jamaa amechoka. Lakini hiyo namba peke yake haisemi ukweli wote! Weka multimita, kile kipimo cha umeme, kwa nguzo za betri, mwambie mwenzako apige stata, uangalie inashuka hadi wapi. Ikianguka chini ya 9.6 chaji betri vizuri urudie, na ikianguka tena tafuta betri ingine kwanza. Ikibaki kwa 11 ama 12 na injini haizunguki, achana na betri, iko sawa, kuna mahali umeme umezuiliwa.

Sasa tofauti ya boti na gari, na hii ndio inatuponza sisi tuliozoea Probox. Gari athi yake, yaani njia ya umeme kurudi betri, ni bodi nzima, ukikwama unashika nati yoyote ya chuma unamaliza. Boti ni faiba, na faiba haipitishi umeme, kwa hivyo kila kitu lazima kiwe na waya wake wa kurudi hadi betri. Huo waya wa kurudi hakuna mtu huangalia, kila mtu anakimbilia ule mwekundu. Na uko chini kule nyuma, mahali maji yanakusanyika.

Hebu pitisheni huu waya, uende hadi kule kwa yule amevaa kofia. Kwa nje mpira ni mzuri, unang'aa kabisa. Mahali nimechana pale, karibu na kichwa cha waya kinachofungwa kwa boliti, shaba imekuwa nyeusi, kwaruza na kucha utaona inatoka unga unga. Maji yaliingilia kwa kichwa ambacho hakikufungwa vizuri yakapanda ndani ya mpira polepole, na kama boti ilitoka Mombasa ikaletwa Naivasha basi hayo yalikuwa maji ya chumvi, hiyo ndio mbaya zaidi. Huo waya ukiupima na ile sauti ya multimita ya kuonyesha waya haujakatika, utalia "piiii" kama kawaida. Ni sawa na kuona tone likitoka kwa mfereji ukasema tangi litajaa. Piga hesabu hapa: stata inavuta amp 150, kwa mfano, ukinzani wa ohm 0.02 pekee unakula volti 3. Volti 3! Na multimita zetu za kawaida haziwezi kukusomea hiyo 0.02 vizuri, itakuonyesha sufuri na wewe utaapa waya ni mzima.

Kwa hivyo tunapima volti zinazopotea wakati kazi inaendelea. Kwanza gia iwe nyutro na uzime umeme unaoenda kwa plagi za cheche ndio injini isiwake ukiwa umeinama hapo. Multimita kwa volti za DC, ncha moja kwa nguzo yenyewe ya risasi upande wa chanya, si kwa klampu, ncha ingine kwa boliti ya stata. Mwenzako anapiga stata sekunde chache. Ukisoma chini ya nusu volti, upande huo uko poa. Ukisoma 2 ama 3, sogeza ncha kidogo kidogo: nguzo hadi klampu, klampu hadi swichi kubwa ya betri, kuingia na kutoka kwa swichi, mpaka upate ile sehemu inakula. Halafu rudia upande wa hasi, nguzo ya hasi hadi mwili wa stata, hapo hata 0.3 naanza kushuku. Msipige stata mfululizo zaidi ya sekunde 10, iacheni ipoe dakika kadhaa.

Solenoidi, ile swichi ya umeme inayopitisha moto kwa stata, nayo ni rahisi. Boliti zake mbili kubwa, kabla ya kupiga utasoma 12 katikati yake, ukipiga inafaa iende karibu sufuri. Ikilia "tak" na ibaki 12, midomo ya ndani imeungua. Ikilia "tatatata" hiyo ni volti ndogo, rudi kwa betri na klampu. Isipolia kabisa, angalia waya mwembamba, kwa boti nyingi za Marekani ni wa manjano na mstari mwekundu. Huo unatoka mbele kwa ufunguo, unapita swichi ya nyutro inayozuia stata kama gia imeingia, unapita ile plagi kubwa ya mviringo kwa injini. Tingisha gia huku ufunguo umeshikiliwa, ikishtuka basi umepata ugonjwa. Isiposhtuka fungua hiyo plagi, pini za kijani utaziona mwenyewe.

Kuna mtu ameuliza hapa mbele, kwani stata ya gari ikiingia na meno yakilingana shida iko wapi? Boss, shida ni petroli. Injini ya ndani ya boti inakaa kwa kisanduku, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala chini hapo na hauna pa kutokea. Stata ya boti imezibwa ili cheche isitoke nje, ya gari haijazibwa hivyo, na alteneta ni hivyo hivyo. Kwa hiyo mwenye boti akikuambia weka tu ya gari ni bei nafuu, kataa. Na kabla hujagusa ufunguo inua kifuniko unuse, kisha washa feni ya kutoa hewa angalau dakika 4.

Swali la mwisho, la mama hapo kando: injini ilizunguka kidogo halafu ikagonga "kung" ikakwama. Hapo wacha umeme kabisa mama. Toa plagi zote kwanza, huenda kuna maji kwa silinda, na ukiendelea kulazimisha na betri ya lori utapinda koniroda, ule mkono wa pistoni. Zikishatoka, sogea mbali na mashimo ndio upige, maana maji yatakurukia usoni.