"Atasema Tu": Naungama Mbele ya Kamera

Mbukwenyi, watu wangu wa Dodoma! Huku Leicester ni saa mbili usiku, huko kwenu saa nne, najua wengine mko kitandani mnamalizia bando. Leo siwatembezi supamaketi, mnisamehe. Leo naungama, na ni habari ya usonji, ile hali ya ubongo inayomfanya mtoto awasiliane na acheze kivyake.

Miaka miwili iliyopita dada yangu wa Nkuhungu alinipigia. Mwanawe alikuwa anakaribia miaka mitatu, hasemi. Ukimwita hageuki, lakini fungua pakiti ya biskuti chumba cha pili, anakuja mbio. Kutwa anazungusha kifuniko cha ndoo. Mimi, kwa kimbelembele cha mtu aliyepanda ndege, nikamjibu: "Dada, atasema tu. Watoto wa kiume huchelewa, hata babu alichelewa." Babu! Nani aliniambia babu alichelewa? Nilitunga palepale.

Dada akangoja mwaka mzima kwa neno langu.

Huku nyuma majirani wakaanza. Kuna waliosema karogwa, kuna waliosema huyo wa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Utani wa Mirembe sisi tumeukulia, mtu akikosea chenji tu pale soko la Majengo anaambiwa gari linamsubiri. Ila mtoto akitupiwa utani huo mbele ya mama yake, kicheko kinakauka. Tena ni uongo. Usonji si kichaa, si laana, wala hauletwi na chanjo. Ule utafiti wa 1998 uliozua maneno ya chanjo, jarida lililouchapisha lenyewe liliufuta mwaka 2010. Ni ubongo uliokua kwa namna yake tangu utotoni.

Mwaka jana nikapata kazi ya usaidizi darasani, watoto wenye mahitaji maalumu. Siku ya kwanza namkuta mtoto kakaa sakafuni, anazungusha kifuniko cha chupa. Nilikwenda chooni nikalia.

Usiku uleule nikampigia dada. Nikamwambia aanze na masikio, maana asiyesikia naye hageuki akiitwa. Kisha kituo cha afya, aombe rufaa, na asitoke bila kueleza kila anachokiona nyumbani. Amwone afisa ustawi wa jamii, aulize shule ipi ya msingi ina kitengo cha elimu maalumu. Akiambiwa mtoto huyu hasomi, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambua kama mwanafunzi mwingine yeyote. Msidhani Uingereza ni mteremko: hapa foleni ya kupimwa wengine wanaikalia zaidi ya mwaka.

Ila kuna jambo halingoji daktari. Darasani kwetu tunatumia kadi za picha. Dada akakata boksi la sabuni, akabandika picha alizopiga mwenyewe: ndoo ya maji, kandambili, choo, kikombe cha uji. Mtoto akitaka maji, anampa mama yake kadi, ndipo mama anampa maji. Wiki za kwanza mtoto alizitafuna kadi tu. Dada akataka kuacha, nikamsihi, na safari hii sikumtaja babu.

Juzi saa kumi na moja alfajiri mtoto kamwamsha bibi yake, kashika kadi ya uji. Mama kanipigia analalamika kwamba siku hizi halali. Analalamika huku anacheka.