Kagera ilipoleta maiti

Walimu wangu, shikamooni. Na ninyi vijana mliokosa viti, sogeeni, huku mbele kuna nafasi.

Mada niliyopewa ni mauaji ya kimbari duniani. Ningeweza kuanzia Namibia mwaka 1904, Wajerumani walipowafukuza Waherero hadi jangwani wafe kiu. Lakini sisi wa Mwanza maji yetu tunayatoa ziwani, basi nitaanzia ziwani.

Nyabarongo ya Rwanda huingia Kagera, Kagera hushuka maporomoko ya Rusumo, ikaja kumwaga Ziwa Victoria kaskazini ya Bukoba. Kuanzia Aprili 1994, Watutsi walipokuwa wakiuawa Rwanda, ilileta maiti, baadhi mikono imefungwa kwa nyuma. Kasensero, Lambu na Ggolo, upande wa Uganda, wavuvi ndio waliowaopoa. Huko wamezikwa zaidi ya 10,000. Walaji wakaogopa samaki, soko likadorora.

Sasa shikeni tarehe hii: Novemba 22, 1992. Pale Kabaya, Rwanda, Léon Mugesera, mhadhiri wa chuo kikuu na mwanasiasa wa chama tawala, alihutubia mkutano wa chama. Alisema Watutsi kwao ni Ethiopia, na watarudishwa kwa njia ya mkato, kupitia Nyabarongo. Jamani, Nyabarongo haiendi Ethiopia! Mkulima yeyote pale uwanjani alijua mtu atasafirije kwa mto ule.

Ndiyo maana nachoka nikiambiwa chuki za kikabila “zililipuka” tu. Zililipukaje? Kabila liliandikwa kwenye kitambulisho tangu enzi za Wabelgiji, miaka ya 1930, na mwaka 1994 kwenye vizuizi vya barabarani ilikuwa ni kutoa kadi tu: ukisomeka Mtutsi, umekwisha. Redio RTLM ilianza 1993 kwa muziki mtamu na utani, vijana wakaipenda. Mauaji yalipoanza ikawa inataja majina ya watu na mahali walipojificha.

Mugesera alikimbilia Kanada. Alibisha mahakamani miaka mingi kwamba hakuchochea mauaji. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya huko ilipitia hotuba ile ya Kabaya ikaona ni uchochezi, lakini alirudishwa Rwanda 2012 tu. Kifungo cha maisha alikipata Aprili 2016.

Haya, maswali. Mama pale dirishani, anza wewe.