John Fielden, Mwenye Kiwanda Bungeni

Waheshimiwa wabunge, wahadhiri, nanyi wenye viwanda vya mvinyo wa hapa Dodoma na vya alizeti kutoka Singida, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko. Nitamzungumzia John Fielden wa Todmorden, Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1784. Katika mji huu wa Bunge tunabishana mara nyingi iwapo mfanyabiashara anafaa kuwa mbunge, lakini ni nadra kuuliza anaingia bungeni na ujuzi gani.

Fielden alianza kazi katika kiwanda cha pamba cha baba yake akiwa na umri wa miaka kama 10, na baadaye yeye na ndugu zake wakakikuza hadi kikawa miongoni mwa viwanda vikubwa vya pamba nchini mwake. Mwaka 1832 wapiga kura wa Oldham walimpeleka bungeni. Ubishi ulipozuka kuhusu uzito wa kazi ya watoto, alipima kiwandani kwake mwendo wa mtoto anayefuata mashine ya kusokota akiunga nyuzi zinazokatika, akakuta kwamba kwa saa 12 mtoto huyo hutembea takriban maili 20, yaani kilomita 32, umbali unaokaribia ule wa kutoka hapa mjini hadi Chamwino. Alikipima kiwanda chake mwenyewe, wala hakuficha alichokikuta; hilo nalithamini kuliko hotuba zake zote.

Mwaka 1846 mswada wake wa kupunguza saa za kazi ulianguka kwa tofauti ya kura 10. Aliurudisha, na Juni 1847 ukawa sheria iliyoweka kikomo cha saa 10 kwa siku, kuanzia Mei 1848, kwa wanawake na vijana wa miaka 13 hadi 18 katika viwanda vya nguo. Mwaka huohuo wa 1847 alishindwa katika uchaguzi, na mwaka 1849 akafariki.

Sheria hiyo ilikwepwa. Baadhi ya wenye viwanda waliwagawa vijana kwa zamu za vipande vipande, hata mkaguzi akashindwa kujua nani ameanza kazi saa ngapi, na Bunge likalazimika kuweka saa maalumu za kuanza na kumaliza kazi mwaka 1850.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 9 za kawaida kwa siku na 45 kwa wiki, na inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Kwa hiyo, waheshimiwa wenye viwanda, bajeti ya wakaguzi wa kazi inapofika mezani, nawaomba muwe wa kwanza kusimama kuitetea, na muwe wa kwanza kuwafungulia wakaguzi hao milango yenu.