Usiseme "nipo tu nyumbani"

Hamjambo wadogo zangu. Nimepewa dakika thelathini kwahiyo sianzi na CV ni nini, nyie mwaka wa tatu mnaijua, na wengi mnayo tayari, mmechukua ya rafiki mkabadilisha jina mkaenda kuprinti steshenari. Hapo ndo panaponiuma.

Nimekaa kwenye majopo ya usaili miaka mingi. CV ishirini mezani, zote zinasema najituma, naweza kufanya kazi kwenye presha, napenda kusoma vitabu na kusafiri. Funika majina uone kama utajua ipi ya nani.

Alikuja binti mmoja kwenye usaili wa keshia, ana diploma ya uhasibu. Anaulizwa una uzoefu gani, anasema sina. Sauti haitoki, anaangalia meza. Wenzangu wakauliza maswali yao, akajibu kidogo kidogo, tukafunga. Anasimama kuondoka, nikamuuliza tu, mdogo wangu, tangu umalize chuo unafanya nini? "Nipo tu nyumbani." Nyumbani unafanya nini? "Namsaidia mama kwenye kibanda cha miamala ya simu." Muda gani? Miaka mitatu!

Nikamwambia hebu nielezee. Jamani, yule mtoto alibadilika pale pale. Akaanza kueleza asubuhi anaanza na floti, yaani hela iliyo kwenye simu, kiasi gani na keshi kiasi gani, mwisho wa mwezi watu wanatoa sana keshi inaisha mapema kwahiyo anajipanga tangu tarehe ishirini na tano, kila muamala anauandika kwenye daftari la kaunta, lina peni imefungwa na uzi ili wateja wasiondoke nayo, na usiku halali mpaka daftari, simu na hela ya mkononi visome sawa. Akatuambia siku mteja alipokuja na meseji feki ya kuweka pesa anadai arudishiwe, yeye akaangalia salio kwanza, hakuangalia meseji. Sasa huyo si ndo keshia tunayemtafuta? Lakini maksi tulishajaza, kila mtu karatasi yake, na nafasi ilikuwa moja. Hakupata. Mpaka leo sijalisahau lile daftari.

Kwenye CV yake hakukuwa na neno hata moja la kibanda. Aliona aibu. Alidhani uzoefu ni mpaka uwe na barua ya ajira na kitambulisho shingoni. Andika hivi: msimamizi wa kibanda cha miamala, mwaka gani hadi gani, nahudumia wateja wangapi kwa siku, nafunga hesabu kila usiku. Mistari mitatu tu. Ukiandika kitu ulichokifanya kwa mikono yako hakuna wa kukutikisa kwenye chumba cha usaili, hofu inakuja pale umeandika maneno ya mwenzio halafu mtu anakwambia tupe mfano.

Najua kuna mtu huko nyuma anasema dada hayo ni ya kampuni binafsi, serikalini wanaangalia vyeti. Sawa, serikalini unaomba kupitia Ajira Portal, tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, vyeti viwe vimethibitishwa na mwanasheria, ile result slip ya kidato cha nne hawaipokei wanataka cheti chenyewe, na kama majina yako yanatofautiana, cheti cha kuzaliwa kina hili na cha shule kina lile, shughulikia sasa hivi usisubiri tangazo. Hayo yote fanya. Lakini ukishavuka mtihani wa kuandika unakaa mbele ya watu wanakuuliza kwa mdomo, hapo cheti hakikuongelei.

Na mwingine anasema kazi zinatoka kwa kujuana. Siwezi kuwadanganya kwamba hakuna. Ila huyo binti niliyewasimulia hakukosa kwa kutojuana, sisi wote mle ndani tulikuwa tunamtafuta na hakutuambia kama ni yeye.

Ukiambiwa jieleze, usianze nimezaliwa mwaka 2001 mkoa fulani, shule ya msingi fulani, hayo tunayo kwenye karatasi. Anza na ulichofanya karibuni kinachoendana na kazi hiyo, dakika mbili zinatosha. Jizoeze kwa sauti, simama mbele ya kaka yako akuulize, usijizoeze kichwani, kichwani kila mtu anaongea vizuri.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, haya haraka haraka. Kurasa mbili zinatosha. Wadhamini waambie kwamba umewaandika, nimeshampigia mdhamini akaniuliza huyo ni nani. Namba ya simu uliyoweka iwe hewani. Swali usilolijua sema silijui, usizunguke. La mshahara nilitaka tuliongee kwa kirefu ila muda umekata, mtanifuata nje.

Sasa kabla hamjatoka toeni karatasi, hata nyuma ya noti, kila mtu aandike kazi moja aliyoifanya tangu amalize kidato cha sita, shambani, saluni, dukani kwa mjomba, popote, na aweke namba ndani yake. We dada wa kitenge cha njano unayetikisa kichwa, unafanya nini wikiendi? Unasuka? Vichwa vingapi kwa siku? Vinne? Haya andika vinne.