Yungiyungi dogo la Mashyuza

Haya jamani, leo tukae na familia moja tu, Nymphaeaceae, yaani mayungiyungi haya mnayoyaona kwenye mabwawa. Familia yenyewe si kubwa, jenasi tano na spishi kama 70 hivi. Mimea mingi ina vitundu vya kupitisha hewa upande wa chini wa jani, yungiyungi limeviweka juu, manake chini ni maji matupu, na ukikikata kikonyo chake utaona matundu wazi kabisa, hewa inashuka humo mpaka kwenye mizizi ndani ya tope.

Shikeni hapo kwenye hewa, tutapahitaji.

Kuna ndugu yao wa Bolivia, Victoria boliviana, jani moja linapita mita 3. Halafu njoo Rwanda, Mashyuza, kule kusini magharibi kwenye chemchemi ya maji moto, mwaka 1987 Mjerumani Eberhard Fischer akakuta yungiyungi ambalo jani lake linaweza kuwa na upana wa sentimita 1 tu! Likaitwa Nymphaea thermarum, ndo dogo kuliko yote duniani. Maji yanatoka ardhini na joto la nyuzi 50 hivi, lenyewe linaota pembeni yakishapoa mpaka kama 25, tena juu ya tope lenye unyevu, halielei kama wenzake. Sasa watu wakayachepusha maji ya chemchemi kwa shughuli zao, tope likakauka, na kufikia 2008 pale halipo tena.

Nashukuru Fischer alishapeleka machache kwenye bustani ya mimea ya Bonn, Ujerumani. Kew, bustani ya mimea ya London, nao wakapata mbegu ila miche ikawa inachipua majini inadumaa inakufa, mpaka Carlos Magdalena, mtaalamu wa bustani pale, akaipandisha, akaweka udongo wa chungu usawa na uso wa maji, nyuzi 25, majani yakapata moja kwa moja hewa ya kaboni dioksidi, ile mmea hutumia kujitengenezea chakula. Yakakua, na Novemba 2009 likachanua. Unaona? Wenzake wengi waachie kina kirefu, huyu anataka tope na hewa basi, ndo maana maji yakihamishwa kidogo tu hana pa kukimbilia.

2014 kuna mtu akaliiba moja palepale Kew, inauma sana. Ila 2023 likaonekana tena Rwanda, likiota lenyewe, hukohuko Bugarama, eneo ilipo Mashyuza, kwa hiyo sasa kazi ni kuyalinda hayo maji, yasichepushwe tena kabla hayajafika kwenye tope.