Chuo Kimekaa Kimya? Nawajibu Wote Kwa Mkupuo, na Habari ya Hela Imo

Haya jamani, habari za huko. Leo sijajipodoa, sijapanga taa, nimekaa tu kitandani na kapu la nguo chafu liko hapo nyuma, mtanivumilia. Nimewasha kamera kwa sababu swali ni lilelile kila nikifungua simu: "Dada, nimetuma maombi chuo cha sanaa huria huko Marekani tangu Januari, mbona kimya? Ndiyo wamenitosa?" Kuna kijana mmoja ananiuliza asubuhi, mchana na usiku, kama dozi. Mdogo wangu, mimi sisomi mafaili ya mtu.

Na kabla sijaenda mbali, najua mtakachosema. Video iliyopita nusu yenu mlisema najishaua, nusu mkasema nalalamika, eti Marekani imenilea halafu naisema vibaya. Sasa nishike lipi? Nikicheka najidai, nikinuna sina shukrani. Mimi naeleza yaliyonikuta mimi. Ya kwako yanaweza kuwa tofauti kabisa, usije kuniambia nilikudanganya.

Chuo cha sanaa huria ni nini sielezi sana, kama umeomba unajua: ni chuo cha shahada ya kwanza unakosoma masomo mchanganyiko. Ila yule mama aliyeuliza kama mwanawe anaenda kusomea kuchora: hapana mama, hata fizikia inasomwa humo, ondoa wasiwasi.

Sasa kimya. Kama ulituma kwenye awamu ya kawaida, ile ya mwanzoni mwa Januari, majibu mengi hutoka kati ya katikati ya Machi na mwanzoni mwa Aprili. Chuo huwa kinayaachia siku moja, wakati mmoja, kwa wote. Kwa hiyo kimya cha Februari hakina maana yoyote. Hujapata, hujakosa. Waliojibiwa Desemba wengi ni wale walioomba mapema kwa kujifunga, kwamba wakichukuliwa wanaenda hukohuko. Usijilinganishe nao.

Ila msingoje kama mimi. Mimi nilidhani kungoja ni kukaa. Nilituma, nikafunga, nikaanza kuomba Mungu. Kumbe kwenye ukurasa wangu wa mwombaji kulikuwa na alama nyekundu tangu wiki ya pili ya Januari: hati ya mapato ya mzazi haijafika. Barua pepe walituma, ikaangukia kwenye taka. Nimekuja kuiona tarehe 20 Februari. Nusura nizimie. Kwa hiyo ingia kwenye ule ukurasa hata mara moja kwa wiki, na pekua taka.

Na hiyo hati yenyewe, acheni niseme kidogo maana bado inaniuma. Ukiomba msaada wa fedha, vyuo vingi vinataka ujaze fomu inayoitwa CSS Profile, ya kueleza hali ya fedha ya familia. Si ile FAFSA mnayoniuliza kila siku, ile ni fomu ya msaada wa serikali kwa raia wa Marekani na wenye makaratasi ya ukaazi wa kudumu huku. Hii CSS inalipiwa dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata. Yaani unalipa ili uwaeleze kwamba huna hela. Baadhi ya vyuo ukiwaandikia kwa adabu wanakusamehe, wanakupa namba ya kutolipa, au wanakubali fomu nyingine ya bure. Mimi sikujua kuuliza. Nikamfuata mjomba mmoja mwenye kadi ya benki. Akanizungusha wiki mbili, akalipa siku ya mwisho saa tano usiku, na kabla hakujakucha ukoo mzima ulikuwa unajua kwamba "amenisomesha Marekani". Mjomba, kama unaangalia, shikamoo. Ile hela nilikurudishia.

Halafu maswali yake sasa. Nyumba mlinunua mwaka gani? Kwa bei gani? Leo ikiuzwa ni shilingi ngapi? Nikamuuliza mama. Mama akaniangalia, akaangalia ule ukuta ambao haujapigwa plasta, akasema, "Nyumba hatukununua, tulijenga. Na bado tunajenga." Sasa hilo unaliandika kwenye kisanduku gani? Mapato yake yote yako kwenye daftari la mistari, mengine kayaandika nyuma ya kalenda. Nikakaa nalo siku tatu, nikajumlisha, nikageuza kuwa dola, nikaandika barua ya ukurasa mmoja kueleza, mama akasaini. Waliikubali. Kwangu ilikubaliwa, sisemi kwako itakubaliwa.

Sasa lile swali mnaloniulizia pembeni, mnaona aibu kuuliza hadharani: "Dada, nikiandika kwamba sihitaji msaada wa fedha, nichukuliwe kwanza, halafu nikifika ndiyo niombe?" Nawaelewa mnakotoka. Vipo vyuo vinavyokuchagua bila kutazama mfuko wako hata kama unatoka nje ya Marekani, mfano Amherst, Bowdoin, na Washington and Lee. Lakini ni vya kuhesabu kwa vidole. Vingi vilivyobaki vinatazama. Vina fungu lao la wageni, likiisha limeisha, kwa hiyo wanapokaa kujadili jina lako wanaangalia alama zako na bei yako pamoja. Ukikataliwa hutaambiwa kama ni wewe au ni bei. Hiyo ndiyo sehemu mbaya, na wanaowaambia "soma kwa bidii tu" hawaigusi.

Lakini ule ujanja usifanye. Vyuo vingi vya namna hii, usipoomba msaada mwanzoni ukiwa mgeni, mlango unafungwa miaka yote minne. Na ada na malazi kwenye vyuo vingi binafsi sasa hivi vinapita dola 80,000 kwa mwaka. Utaingia kwa mguu mmoja, utatoka na deni. Tena kuna kuonyesha hela iliyoko benki kabla chuo hakijakupa I-20, ile fomu unayoombea viza. Huko uongo unakukuta umekaa.

Haya, ile siku yenyewe. Chuo kilisema majibu ni saa moja jioni kwa saa za mashariki ya Marekani. Mimi nilikuwa nimepiga hesabu tangu Januari: tofauti ni saa nane, kwa hiyo kwetu ni saa tisa usiku. Nikanunua bando, nikatega saa tisa kasoro dakika tano. Nikaamka, nikakuta kundi letu la waombaji lina ujumbe zaidi ya mia. "Mmeona?" "Jamani mimi wamenikataa." Kumbe wenzetu huku Jumapili ya pili ya Machi wanasogeza saa mbele, tofauti inabaki saba. Majibu yalitoka saa nane. Nimelala muda ambao kesho yangu iko wazi kwenye mtandao. Vidole vilikuwa vinatetemeka, nenosiri nikakosea mara mbili, ya tatu ikanifungia dakika kumi na tano. Mnacheka, ee?

Chuo cha kwanza: hapana. Cha pili: orodha ya kusubiri. Na hii orodha msiitegemee sana, inaanza kusogea baada ya Mei 1, siku ambayo waliochukuliwa wanatakiwa wawe wamejibu, na wakati huo hela ya wageni mara nyingi imeshagawanywa. Niliwaandikia barua fupi kwamba bado nawataka, sikuona jibu. Cha tatu nikafungua, yakamwagika makaratasi ya rangi kwenye skrini: nimechukuliwa. Nikapiga kelele mama akaja mbio na upawa, akidhani nyoka.

Lakini nawaambia, yale makaratasi ya rangi si jibu. Jibu liko kwenye barua ya pili, ya msaada. Yangu ilikuwa na pengo la dola 3,200 kwa mwaka. Watu walishaanza kunipongeza, mimi nimekaa na kikokotoo. Nikawaandikia upya, nikaambatisha risiti za hospitali za bibi, wakapunguza dola 1,500. Iliyobaki nikaifanyia kazi maktabani, maana chuoni unaruhusiwa saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Nje ya chuo usithubutu mwaka wa kwanza.

Na bado hujamaliza. Ada ya SEVIS, ule mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wageni, dola 350, ombi la viza dola 185, na hizo hazirudi hata ukinyimwa. Halafu kitu ambacho hakuna aliyeniambia: sehemu ya ufadhili inayolipia chumba na chakula inakatwa kodi huku. Kwa sisi wa viza ya F-1, ile ya wanafunzi, ambao nchi zetu hazina mkataba wa kodi na Marekani, ni asilimia 14. Muhula wa kwanza nikaletewa bili nikadhani wamekosea jina.

Usiku ule mama aliisoma barua ya msaada yote, polepole, kidole kikifuata mstari. Makaratasi ya rangi hayakumshughulisha. Alipofika mwisho akavua miwani, akaniuliza, "Na nauli je?"

Nauli haikuwemo.